Matone ya Kimya

Dada wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile la kituo cha polisi, mkoba mapajani, uso ameuelekeza ukutani. Askari wa zamu walishamzoea. Walimpita kama wanavyopita ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Inspekta alipotokea mlangoni, mama yule alisimama upesi.

"Umemkamata, binti yangu?"

"Nani, mama?"

"Nani tena? Yule mwenye nyumba aliyemlisha mdogo wangu sumu."

Inspekta alimfungulia ofisi, akatoa mafaili juu ya kiti cha pili ili mgeni apate pa kukaa. Kiti hicho hakikuwa kimekaliwa na mtu kwa muda mrefu. Mwenyewe alikaa upande wa pili wa meza, akafungua jalada jembamba kuliko yote aliyokuwa nayo.

Marehemu mtaani walimwita Kimya, kwa sababu salamu yake ilikuwa kuinua kidevu tu. Alikutwa amekufa kwenye chumba chake cha kupanga. Karatasi ya daktari ilisema tumbo. Mwajiri wake, mwenye karakana ya betri kuukuu, alisema pombe. Ndugu hawakuonekana, basi halmashauri ikamzika pamoja na wengine wasio na wenyewe, bila kibao. Habari zilipomfikia dada yake kijijini, hata aliyechimba kaburi hakujua tena ni lipi.

"Mwanamke yule alikuwa akimpikia," dada alisema. "Na blanketi la mdogo wangu nimelikuta kitandani kwake. Mtu wa kurithi blanketi la maiti huyo ni mtu?"

"Nimezungumza naye. Anasema blanketi ni lake yeye tangu mwanzo, na alimfunika nalo mdogo wako alipokuwa anatetemeka."

"Mwongo hakosi shahidi."

"Nipe siku kidogo, mama."

"Siku ninazo," mama yule alijibu. "Mtu ndiye sina."

Inspekta hakumweleza jambo moja. Alipokikagua chumba cha Kimya alikuta sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Chini ya godoro, ndani ya soksi iliyofungwa fundo, alikuta kopo la vidonge ambalo karatasi yake ilikuwa imebanduliwa kwa kucha. Vidonge vyenyewe alivijua. Mtu anayevimeza hutazamwa kliniki mara kwa mara, na kila anapopimwa, damu yake hudondoshwa kwenye kadi.

Alifika kliniki wateja wakiwa wamepungua. Muuguzi aliyesimamia kitengo kile, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliisoma amri ya mahakama mstari kwa mstari, akarudi juu akaisoma tena.

"Afande, watu hawa wananiamini mimi kuliko wake zao," alisema. "Nikikupa hiki leo, kesho nikisikia mtaani, nitakufuata mpaka kwako."

"Kwangu utanikuta peke yangu. Sina wa kumwambia."

Muuguzi alivaa glavu. Kwenye friza kulikuwa na mifuko ya plastiki, kila mmoja na kijipakiti cha kunyonya unyevu. Alichambua, akatoa kadi tatu za karatasi nene nyeupe. Kila kadi ilikuwa na miduara iliyochapwa, na ndani ya kila mduara doa la damu iliyokauka, rangi ya kutu. Baadhi ya madoa yalikuwa yameshatobolewa kwa ajili ya vipimo. Mengine yalibaki mazima.

"Huwa tunatunza yanayobaki, kipimo kisije kikahitaji kurudiwa," alisema. "Hii ni ya mwanzo, alipoanza dawa. Hii ya mwaka uliofuata. Hii ya mwisho, kabla hajaacha kuja."

"Alikuwa akija na nani?"

"Na kivuli chake. Fomu zetu zina sehemu ya mtu wa kumpigia simu mgonjwa asipoonekana. Yeye aliandika namba yake mwenyewe." Muuguzi alizitia kadi kwenye bahasha. "Alipoacha kuja, nilipiga. Ikaita, ikaita, ikakatika."

"Damu mlimtoa kidoleni?"

"Wengi tunawatoboa kidole. Yeye vidole vilikuwa vigumu kama gome la mti. Unatoboa, hakuna kitu. Kwa hiyo kila mara nilimpangusa mkono kwa spiriti, nikamtoa mshipani kwa sindano, ndipo nikadondosha kwenye kadi. Kwa nini?"

"Sijui bado," Inspekta alisema, akaliandika.

Ndani ya gari alikula mkate mkavu, bahasha akiwa ameiweka kiti cha abiria na kuifunga mkanda isianguke. Simu yake ilikuwa na ujumbe mmoja tu, wa kampuni ya simu, ukimtakia siku njema.

Maabara ya serikali ilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani. Mkemia, mzee aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alifungua mlango kabla Inspekta hajabisha mara ya pili.

"Karibu, karibu! Huku kwangu hawaji watu, vinakuja vichupa tu."

"Leo zimekuja karatasi, mzee."

Alizipokea kwa koleo ndogo, akaziinua kwenye mwanga. Inspekta alimweleza: maiti haipatikani, nguo zilichomwa, chakula hakipo. Hicho ndicho kilichobaki cha yule mtu.

"Kinatosha," Mkemia alisema. "Damu ikikauka, maji yanakwenda zake. Ila kama kulikuwa na zebaki, au risasi, au madini mengine ya aina hiyo, hayana pa kwenda. Yamekaa hapohapo kwenye karatasi yanangoja mtu aje aulize."

Alichukua kitoboleo cha chuma, akakata kijiduara katikati ya doa la kadi ya kwanza. Kisha akakata kingine pembeni, mahali pasipo na damu.

"Hapo penye weupe unatafuta nini?"

"Natafuta aibu yangu. Huenda karatasi yenyewe ilikuja na uchafu kiwandani, au friza ilivujiwa na kitu. Nikipima damu bila kupima karatasi tupu, wakili wa upande wa pili atanila mzima." Alizitoboa hivyohivyo kadi ya pili na ya tatu, akatia kila kipande kwenye kichupa chake. "Doa moja kwenye kila kadi siligusi. Hilo ni la mahakama, likitakiwa."

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Mkemia hakutaka kuyasema kwa simu. Alitaka Inspekta aende, na alipofika alikuta chai imeshawekwa. Kikombe kilikuwa kimoja. Mzee alikunywa yake kwenye kopo la kupimia.

"Usiogope, nimelisafisha. Sikiliza. Karatasi tupu zote safi. Kadi ya kwanza, mtu wa kawaida. Kadi ya pili, nilidhani mashine imeniharibikia, nikarudia. Kadi ya tatu..." Aliweka kopo chini. "Risasi, afande. Madini ya risasi. Mtu mwenye damu hii tumbo linamkata, mikono inalegea, njia ya kwake inampotea akiwa ameikanyaga. Jirani akimwona atasema amelewa."

"Mwajiri wake alisema hivyohivyo. Pombe."

"Basi mwajiri alikuwa akimwona vizuri sana. Ila nakutahadharisha, doa ni dogo, hesabu yangu ni makadirio. Tena kuna tundu moja. Mtu anayeshika risasi vidoleni, ukimtoboa kidole, unaweza kuokota vumbi la ngozi ukadhani ni damu."

Inspekta alifungua daftari lake, akamsomea maneno ya muuguzi.

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Mkononi, kwa sindano, baada ya spiriti? Basi tundu limezibwa."

Kutoka pale Inspekta alipita kwa mwenye nyumba. Alimkuta anaanua nguo. Mama huyo alipoliona gari la polisi alikaa chini palepale, nguo zikiwa mikononi.

"Nimekuja kuuliza swali moja tu, mama. Kimya alihamia hapa lini?"

"Baada ya mvua kubwa za mwaka jana, zilizobomoa choo. Alikuja anajishika tumbo tangu siku ya kwanza. Nikamwambia mwanangu, mimi napangisha chumba, sipangishi wodi. Akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia anacheka."

Kadi ya pili ilikuwa ya kabla ya mvua zile. Sumu ilikuwa ndani ya mwili wa Kimya kabla hajaijua sufuria ya mama huyu.

"Sijui ni vipi mtu anakufa ukuta wa pili nisisikie," mwenye nyumba alisema. "Hata kugonga hakugonga."

"Hukumlisha sumu, mama. Nitalisema hilo kwa anayehusika."

Mama aliinamia nguo zake, akazikunja zile alizokwisha kuzikunja.

Karakana ilikuwa nyuma ya ukuta mrefu wa mabati. Inspekta alifika na askari wawili na hati ya upekuzi. Bosi aliwapokea kwenye ofisi yenye kiyoyozi, mtu mnene wa maneno laini.

"Afande, kwa yule marehemu? Mungu amrehemu. Lakini nilishakueleza. Alikuwa mfagiaji wa getini. Betri hakuwahi kuzigusa hata siku moja."

"Tangu lini?"

"Hata mwaka hakumaliza. Alikuja kwangu akiwa tayari mgonjwa. Nilimpa ufagio kwa huruma tu."

"Mara ya kwanza uliniambia alikufagilia tangu mwaka juzi."

"Nilisema hivyo? Mambo mengi, afande, kichwa kimoja."

"Damu yake imepimwa. Imejaa risasi."

Bosi hakushtuka. Alijiegemeza kitini, akafunganisha vidole tumboni. "Damu? Maiti si imeshazikwa? Labda mmepata tone la kidole mahali fulani. Mimi katika biashara hii nimejifunza kidogo. Mtu anayeshinda anapasua betri, kidole chake kimepakaa risasi. Ukikitoboa, unapima uchafu, hupimi damu. Mwanasheria wangu atawaambia hivyohivyo."

"Ni kweli," Inspekta alisema. "Hata mkemia wetu aliniambia hivyo. Lakini nani alikuwa akishinda anapasua betri? Sasa hivi umesema alikuwa wa ufagio."

Bosi aliviachanisha vidole vyake.

"Nimesema kwa mfano tu."

"Damu haikutoka kidoleni. Simama, utuonyeshe majengo."

Walipita uani, penye betri zilizopangwa mpaka kiunoni, wakapita banda ambamo vibarua walikuwa wakipakia makasha ya plastiki. Ukuta wa mwisho ulikuwa na mlango wa chuma, mbele yake pamerundikwa magunia.

"Stoo," Bosi alisema. "Ufunguo anao mtu aliyesafiri."

Inspekta aliweka kiganja chake juu ya mlango, akakiondoa upesi.

"Stoo yako ina homa."

Askari waliyasogeza magunia. Mlango haukuwa na kufuli la ndani wala la nje. Ulikuwa na komeo tu, tena upande wa nje. Ulipofunguka, ilitoka harufu kali tamutamu iliyowakaa ulimini. Ndani kulikuwa na tanuri, upawa mrefu, vipande vya risasi iliyogandishwa kwenye makopo, na dirisha lililozibwa kwa bati. Juu ya ndoo iliyopinduliwa alikaa mtu, kitambaa kimemfunika mdomo, akiutazama mwanga kama aliyeamshwa.

"Toka nje, kaka," Inspekta alimwambia. "Njoo upate hewa."

Yule mtu alitoka taratibu. Inspekta alimpa chupa yake ya maji. Alinyoosha mikono kuipokea, lakini viganja vilining'inia kama nguo iliyoanikwa, havikuinuka. Mwishowe aliibana chupa kwa vifundo vya mikono, na askari mmoja akamsaidia kuifungua.

"Umeanza lini kazi humu?"

"Tangu yule mwingine alipoacha."

"Aliacha?"

"Niliambiwa aliacha. Nilikuta kitambaa chake." Alikishusha kile kilichokuwa mdomoni, akakitazama, akakitupa chini. "Unasema hakuacha?"

Inspekta alikiokota kitambaa. "Ulipataje kazi?"

"Tulikuwa wengi getini siku ile. Wenzangu walikuwa na nguvu kuliko mimi. Yeye," alimwelekezea Bosi kidevu, "alipita anauliza kila mmoja: una ndugu hapa mjini? Una mke? Unakaa na nani? Mimi nikasema sina mtu. Akasema, wewe njoo."

Inspekta alimgeukia Bosi. Yule mtu mnene alikuwa akitafuta leso mfukoni, haioni.

"Kumbe hukuchagua nguvu," alimwambia. "Ulichagua mtu ambaye akifa hakuna atakayekuja kuuliza."

"Afande, tuzungumze kiutu uzima."

"Tutazungumza. Mfungeni pingu."

Yule mgonjwa Inspekta alimpeleka hospitali mwenyewe. Kwenye mapokezi, binti wa dirishani aliuliza ndugu wa karibu ni nani. Mgonjwa aliangalia sakafu.

"Andika mimi," Inspekta alisema, akataja namba yake ya simu.

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Andika, binti, foleni ni ndefu."

Dada wa Kimya aliitwa kituoni kesho yake. Mara hii hakukaa benchini. Inspekta alimtoa mlangoni moja kwa moja hadi ofisini na kufunga mlango.

"Mama, mdogo wako aliuawa na risasi."

Mama aliweka mkono kifuani. "Alipigwa bunduki? Mbona hawakuniambia kuna jeraha?"

"Nisamehe, nimeanza vibaya. Si ya bunduki. Ni madini, yanayotoka kwenye betri. Alifungiwa chumba kisicho na dirisha akiyayeyusha, akavuta moshi wake mpaka ukamjaa. Mwajiri alijua. Amekamatwa. Mwenye nyumba hana kosa. Alimpikia na kumfunika, basi."

Mama aliuvuta mkoba mapajani. Kisha akasema, "Nilimtukana mbele ya watu, mwanamke yule."

"Anaweza kusamehe. Nenda ukamwone."

"Nitakwenda." Alifungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Mlijuaje? Maiti hamkuwa nayo."

"Ilipatikana damu yake kidogo, iliyokaushwa. Ilihifadhiwa mahali kwa njia ya halali. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema, mama. Hata kwako."

"Kwenye kliniki ya vidonge."

Inspekta alilifunga jalada.

"Usinijibu, mwanangu. Kazi ina miiko yake. Alipokuja kumzika mama yetu, nilichukua suruali yake nikaifue. Nikavikuta mfukoni. Jirani yangu anavimeza vilevile, navijua. Nikavirudisha, suruali nikaikunja kama nilivyoikuta, nikamwambia maji yamekatika."

"Hukumuuliza?"

"Nilimngoja aseme. Nadhani naye alikuwa akiningoja niulize. Tukangojana hivyo mpaka gari likaja. Akapanda, akakaa dirishani, akaniinulia kidevu." Alijifuta uso kwa ukingo wa kiganja. "Angejua kwamba najua, huenda angerudi nyumbani kuugua. Angekuwa na mtu."

Nje simu ya zamu iliita, ikapokewa.

"Hiyo damu," mama alisema, "imekwisha yote?"

"Limebaki doa moja kwenye kila kadi. Ni ushahidi. Halitoki maabara mpaka kesi iishe."

"Silitaki litoke. Nataka kuliona. Kaburi sikuonyeshwa, maiti sikuiona. Mwenzio nimekuja kumfuata mtu nimekuta blanketi."

Kanuni hazikusema chochote juu ya jambo kama hilo, wala kuliruhusu wala kulikataza. Inspekta alichukua funguo za gari.

Mkemia aliwafungulia mlango wa maabara. Alipangusa meza iliyokuwa safi, akaileta kadi ya kwanza ndani ya mfuko wake wa plastiki, ile ya zamani, kabla ya karakana. Aliiweka chini ya taa na kuvuta kiti.

"Hii ni ya alipokuwa mzima," alisema.

Doa halikuzidi kifungo cha shati. Mama aliinama mpaka pumzi yake ikapiga ukungu kwenye plastiki, akajivuta nyuma, akaupangusa kwa ncha ya kanga.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho, mama."

"Naomba mniache naye kidogo."

Kuacha ushahidi na mtu asiye na kiapo ilikuwa ni kosa, na wote wawili walilijua. Walitoka hadi mlangoni, wakauacha wazi, wakasimama koridoni mahali ambapo meza ilionekana, wakiwa wameigeuzia migongo nusu. Mama hakuigusa kadi. Alikuwa ameweka mikono yake miwili mapajani na alikuwa akiongea.

Hawakuyasikia maneno yote. Mtoto wa shangazi ameolewa. Paa la nyumba ya mama limebadilishwa, halivuji tena. Ng'ombe yule mkorofi wamemuuza. Alikuwa akimpa habari za nyumbani, moja moja, bila haraka, na kila akimaliza moja alinyamaza kidogo kumpa mwenzake nafasi ya kujibu.